Wageni Wasiobisha Hodi

3 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Mimi ni mzima wa afya kuanzia shingoni kwenda chini. Huko juu ndiko kwenye habari, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Simu nimeifungia kabatini. Vitufe vyake vinanichosha.

Kitinda, nina wageni. Usiulize wageni gani, kaa chini kwanza. Nilikuwa mchana kweupe napiga pindo la sketi ya shule. Nikainua kichwa, nikaona juu ya meza ya kukatia wamesimama wanaume watatu na mwanamke mmoja, kimo chao kama chupa ya soda. Wana kofia. Wana makoti yenye vifungo vya shaba. Hawasemi, hawacheki, hawanitazami. Wanatembea tu juu ya kitambaa cha mteja kama wako kwao.

Mmoja nimempa jina la Bwana Mdogo. Koti lake, ndugu yangu, mimi na uzee wangu wote wa kushika mkasi sijapata kuliona. Kola inasimama nyuma ya shingo, halafu inashuka kulala kifuani bila mshono kuonekana popote. Nikamwuliza, "Nani kakushonea hiyo?" Akageuka akapenya ukutani.

Sikuogopa, nilikasirika. Mtu anaingiaje kwa fundi cherehani bila hodi, akatamba na koti la fundi mwingine, akaondoka bila kuagiza hata kiraka? Tangu siku hiyo wanakuja karibu kila mchana. Nimeshawazoea, ila nisingependa mtu ajue. Usimwambie wifi. Yule akipewa siri, hata kuku wa majirani wanaipata.

Suti yako ya kuagwa kazini nitaishona mimi. Ole wako ununue ya dukani.

Dada yako,
Fundi


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kufunga madirisha.

Kwanza, mwandiko. Karatasi saba! Kila mstari maneno manne, yameandikwa kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, na mistari yote inapanda mlima. Katika utumishi wangu wote wa bohari sijapokea kitu kama hicho. Nikajua hapo hapo mkono wako hauko peke yake.

Pili, wifi yako sikumwambia. Aliisoma mwenyewe.

Dada, nyumba hiyo ina watu. Mimi mambo haya nayajua. Mwaka ule nilipokuwa zamu bohari, nilisikia mtu anatembea kati ya mabomba. Unajua nilifanya nini? Nilitoka nje kimya kimya nikasimama barabarani hadi asubuhi. Ndiyo maana niko hai mpaka leo. Wewe unaanza kuwauliza habari za mshono! Nimepata mtaalamu mmoja anayehamisha viumbe wa namna hiyo, anasema hao wenye kofia ndio wakaidi kuliko wote.

Lililo bora ni ufunge hicho chumba cha cherehani uje ukae na sisi. Chumba cha nyuma kipo. Wifi yako ameshaanza kutoa ndoo zake.

Halafu foronya ulizotutumia. Zimeshonwa pande zote nne. Tumejaribu kuingiza mto tumeshindwa, wifi yako kajaribu kwa kijiko. Ni wao?

Mwisho, yule fundi viatu jirani yako anayeshinda kibarazani kwako kwa kisingizio cha kuazima sindano. Mwangalie vizuri. Mwanaume asiye na haraka ya kurudi kwake ana lake jambo. Na kile kicheko chake ni kama mlango usiotiwa mafuta.

Mdogo wako,
Kitinda


15 Machi

Kitinda,

Marahaba. Ndio wao! Foronya nilizishona mimi vizuri kabisa, nikainuka kwenda kunywa maji, narudi namkuta Bwana Mdogo amekaa juu ya gurudumu la cherehani ananing'iniza miguu. Sasa nimeelewa alikuwa anafanya nini. Na lile shati la mwalimu lililotoka na matundu ya vifungo mgongoni, wao. Na sare ya mtoto wa mwenye duka ambayo mguu mmoja ulikuwa wa kumtosha kaka yake, wao pia. Mteja akilalamika namwambia pole, kuna mambo hapa ndani. Anatazama juu ya dari, analipa, anaondoka haraka. Hawa wageni hawana hasara kubwa hivyo.

Mtaalamu wako mwambie asijisumbue. Mimi sijasema nataka wahame.

Kuhusu chumba cha nyuma, asante, lakini nije kufanya nini? Hapa nina cherehani, nina meza yangu, nina wateja wanaoniita Fundi. Huko kwenu nitaitwa "yule dada yake". Mwambie wifi arudishe ndoo.

Ila nimeudhika na jambo moja. Yale uliyoandika juu ya fundi viatu si mazuri. Tangu asubuhi amekaa kimya, hajacheka hata mara moja, anapigilia soli kama ana ugomvi nayo. Kaniambia tu kwamba mafuta ya mlango atanunua. Mtu mzima hasemwi hivyo.

Vipimo vya suti usinitumie. Nilikushonea kaptula ya kwanza, nitashindwaje kujua mabega yako?

Dada yako,
Fundi


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeongea tena na mtaalamu. Anasema viumbe wanaokalia magurudumu wana tabia ya kuhamia kwenye vitu vinavyozunguka, kwa hiyo usitumie feni. Anasema pia...

Dada, subiri. Nimerudi kusoma barua yako na kalamu imenikwama.

Fundi viatu amejuaje niliyoyaandika? Barua ilikuwa yako. Bahasha nilipaka gundi mara mbili na wifi yako akaikalia ikauka. Wageni wako hawasemi, umeniambia mwenyewe. Basi nani kamwambia?

Nimekaa na swali hili hadi chai imepoa. Nimempa binti yangu barua zako zote azisome, maana yeye anafanya kazi na wagonjwa na haogopi kitu. Kasoma, kaniuliza, "Baba, shangazi anakupigia simu siku hizi?" Nikamwambia simu iko kabatini. Akaomba karatasi.

Kitinda


22 Machi

SHANGAZI,

SHIKAMOO. NIMEANDIKA KWA HERUFI KUBWA NA KALAMU NENE ILI UJARIBU KUSOMA MWENYEWE. KAMA ANAYESOMA NI FUNDI VIATU, SHIKAMOO BABA, NA TAFADHALI USIRUKE KITU.

UNAJUA MIMI NI MUUGUZI WA WODI YA MACHO. NAKUULIZA, NIJIBU KWELI. WAGENI WAKIKANYAGA KITAMBAA, KINATIKISIKA? UMEWAHI KUSIKIA HATA KIATU CHAO? UKIFUMBA MACHO WANABAKI AU WANAPOTEA?

NA LA MWISHO, SHANGAZI YANGU. UZI UNATUNGA MWENYEWE?

MWANAO,
MUUGUZI


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, dirishani, kwa asubuhi nzima, na machozi hayakunisaidia.

Kitambaa hakitikisiki. Viatu havisikiki. Nikifumba macho hawapo. Uzi natungiwa na fundi viatu. Kila asubuhi anakuja "kuazima sindano", anatunga sindano kumi na mbili, anazichomeka kwenye mto wangu wa pini, anarudi kwenye viatu vyake. Barua za baba yako ananisomea yeye, na ile ya kicheko aliisoma yote bila kuruka neno. Sauti ilimpungua tu mahali pale pa mlango. Haya, umefurahi?

Tangu mwaka jana nazidi kuona kama mtu anayetazama kupitia chupa ya maziwa. Mwanzo nikasema taa ni mbovu. Nikabadili taa. Nikasema dirisha chafu. Nikaosha dirisha hadi mwenye nyumba akanishukuru.

Wageni walipokuja, mwanangu, niliogopa. Baba yako nilimwambia sikuogopa, huyo ukimwambia umeogopa yeye anazimia. Mchana nilikuwa natania, jioni nalia, nikijua kichwa ndiyo kimeanza kuachia. Halafu nikaona baba yako ameamini mizimu kwa moyo wote, na hapo nikapata pa kujificha. Nikawaza hivi: wakisema dada ana mizimu, watakuja kuitoa mizimu. Wakisema dada haoni, watakuja kunitoa mimi.

Nakuuliza na mimi, nijibu kweli. Je, ni wazimu?

Shangazi yako


2 Aprili

SHANGAZI,

SHIKAMOO. SI WAZIMU. NAANDIKA TENA KWA HERUFI KUBWA: SI WAZIMU.

NIMEMWULIZA DAKTARI WETU. HAKUSHANGAA HATA KIDOGO. ANASEMA WANAKUJA WENGI, NA WENGI WANAFICHA KAMA WEWE. MMOJA ALIKUWA ANAONA FARASI SEBULENI, AKAKAA NAO MWAKA MZIMA BILA KUMWAMBIA MKEWE.

ALIVYONIELEZA NI HIVI. JICHO HALIONI PEKE YAKE. JICHO NI MCHUKUZI TU, ANAYEONA NI UBONGO. SASA UBONGO WAKO UMEZOEA KULETEWA MZIGO KUTWA: NYUSO, RANGI, MISHONO. MCHUKUZI AKICHOKA AKALETA KIDOGO, UBONGO HAUKUBALI KUKAA BURE. UNACHUKUA ULICHO NACHO STOO UNAANZA KUTENGENEZA WENYEWE. WEWE UKIKOSA WATEJA UNAFANYAJE? SI UNASHONA NGUO ZA KUTUNDIKA MLANGONI? NDIYO HAO WAGENI. NI NGUO ZA MLANGONI.

NIKAMWULIZA, MBONA WADOGO, NA MBONA KOFIA? AKACHEKA, AKASEMA HAPO HATA WAO HAWAJUI VIZURI. UBONGO NI MKUBWA KULIKO VITABU VYAO.

NJOO UPIMWE. NAHISI NI MTOTO WA JICHO, UKUNGU UNAOTANDA NYUMA YA MBONI. KAMA NDIYO, UNATOLEWA. BABA NIMESHAMWAMBIA. AMEINUKA AKAFUNGUA MADIRISHA.

MWANAO,
MUUGUZI


5 APRILI

DADA,

SHIKAMOO. BINTI AMENIAMBIA NIANDIKE HIVI, NIMETUMIA KARATASI ZOTE ZA OFISINI.

UNGENIAMBIA, DADA. UNADHANI NINGEKUCHEKA? NINGEKUJA KUTUNGA SINDANO MWENYEWE. SAWA, NINGEZITUNGA VIBAYA.

DAKTARI SIMPINGI. ILA ANAJUA MACHO, HAJUI NYUMBA. HIYO FENI USIIWASHE TU, HAITAKUGHARIMU KITU.

FUNDI VIATU, NAJUA UNASOMA. KICHEKO CHAKO HAKINA UBAYA. NILIANDIKA NIKIWA NA NJAA.

SUTI USIHANGAIKE NAYO, DADA. NITANUNUA HATA YA MTUMBA. UTANISHONEA UKIPONA.

KITINDA


10 Aprili

Kitinda,

Marahaba, na koma! Mtumba? Siku uliyovaa kaptula yangu ya kwanza ulikataa kuivua hata kuoga, leo unaniletea habari za mtumba?

Nimekwenda kupimwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wamekomaa kama mapapai. Daktari ni kijana mwenye kidevu cha jana. Kaniambia kuna nafasi Jumatatu hii. Nikamwambia Jumatatu siwezi, sijamaliza kunakili kola. Akaniuliza kola ya nani, nikamweleza. Akasema, "Mama, huyo bwana hayupo. Hiyo kola iko kichwani mwako." Nikamjibu, "Mwanangu, kama iko kichwani mwangu, mbona sikuwahi kuishona?" Akanisogeza mpaka mwisho wa mwezi.

Basi Bwana Mdogo amekuja kila siku, na kila siku nimemzungukia mezani kama mwizi. Nimeelewa ile kola. Siri ni kukata bitana, kile kitambaa cha ndani, kwa mshazari, halafu kuigeuza kabla ya kufunga bega. Nimeikata, Kitinda, nimeshona suti yako yote, koti na suruali, buluu nzito, kitambaa nilichokuwa nimekiweka tangu zamani. Kila mshono nimeupapasa kwa vidole. Hakuna uliopinda. Hata fundi viatu nimemwita mara mbili, "Mshono umenyooka?" Akasema umenyooka.

Inakuja na basi la kesho, iko kwenye sanduku. Sasa nisikilize. Nataka ukweli kama mtumishi wa bohari. Kama suti imekukaa na umeivaa mbele za watu, niambie. Kama haikukaa, niambie pia, maana nimeapa: fundi asiyeweza kumvisha hata mdogo wake si fundi. Nitauza cherehani na kuja kukaa kwenye chumba chenu cha ndoo, na operesheni ikae. Macho ya kutazamia ndoo ninayo tayari.

Dada yako,
Fundi (mpaka nisikie kutoka kwako)


19 APRILI

DADA,

SHIKAMOO. SUTI ILIFIKA. NILIIVAA JANA KUAGWA.

MABEGA YAMEKAA KAMA NILIZALIWA NAYO. SURUALI HAIGUSI VUMBI WALA HAIONYESHI SOKSI. KOLA HIYO WATU WALIIFUATA KUIANGALIA KWA NYUMA. HAKUNA ALIYETAZAMWA PALE KAMA MIMI. MENEJA ALINISHIKA MKONO WA KULIA, AKAUTAZAMA MUDA MREFU, AKANIULIZA FUNDI NI NANI. NIKAMWAMBIA NI DADA YANGU. WIFI YAKO ALILIA.

CHEREHANI USIUZE. NENDA HOSPITALI.

NDOO TUMEZIRUDISHA CHUMBA CHA NYUMA, ZIMEJAA MPAKA MLANGONI. HATA UKITAKA KUJA HUPATI PA KULALA.

KITINDA


3 Mei

Kitinda,

Hii barua naandikiwa na fundi viatu kwa sababu nimefungwa bandeji jicho moja, na hilo lingine nimekatazwa kulichosha. Andika, fundi. Mwambie operesheni imekwenda salama. Mwambie nilikuwa macho muda wote na nikamwuliza daktari anatumia sindano namba ngapi. Mwambie wauguzi wanashona vibaya mapazia yao.

(Mimi fundi viatu nasema: alimwambia hivyo muuguzi mkuu usoni. Nilikuwepo.)

Mwambie wageni wamekwenda. Asubuhi ile kabla hawajanichukua, Bwana Mdogo alikuja kusimama kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia asante kwa kola. Sijui kwa nini nilimwambia. Najua ni ubongo wangu mwenyewe, mwanangu kaniambia kwa herufi kubwa. Lakini na ubongo nao ukifanya kazi nzuri si unashukuriwa? Halafu nikaletewa kiti cha magurudumu, na niliporudi nyumbani meza ya kukatia ilikuwa meza tu. Nimeketi nikaitazama, Kitinda, nikasikia upweke. Mjinga mimi.

(Hapo kwenye "mjinga" nilikataa kuandika, akanitishia kwa mkasi.)

Mwambie bandeji ikitoka nitasoma barua zangu mwenyewe na watu fulani waache kushinda kibarazani.

(Ameshanitengea kiti. Mimi fundi viatu.)

Dada yako,
Fundi


20 Mei

Kitinda,

Unaona? Mistari imenyooka! Nimeandika kwa kalamu ndogo, karatasi moja, na nafasi imebaki ya kukutukana.

Mwanangu Muuguzi alikuja jana kuniwekea dawa ya matone. Alipofungua mkoba ikadondoka picha. Alitaka kuiwahi, lakini mimi sasa naona. Nikaiokota.

Wafanyakazi wote wa bohari wamejipanga mstari, suti nyeusi, nyuso za mazishi. Katikati umesimama wewe, kifua mbele, umenyoosha mkono wa kulia juu unapungia watu. Suti ni buluu nzito. Mkono huo ni wa kahawia.

Kahawia, Kitinda! Kahawia ya viazi! Nilikata mkono mmoja kutoka jora la suruali ya mzee wa duka la dawa. Yeye naye kumbe anatembea na goti la buluu, hajasema, ametishwa na wageni wangu.

Nikamwita fundi viatu. Nikamwuliza, uliiona? Akasema niliiona. Nikamwambia mbona hukuniambia? Akajibu bila hata kuona haya, "Uliniuliza kama mshono umenyooka. Mshono ulinyooka." Nimemfukuza kibarazani. Alirudi baada ya chai.

Mimi nilikuomba ukweli kama mtumishi wa bohari. Nimeisoma tena barua yako, neno kwa neno, kwa macho yangu mwenyewe. Hukudanganya popote, mnafiki wee! Mkono wa kulia aliutazama muda mrefu, ndiyo! Hakuna aliyetazamwa kama wewe, ndiyo! Ulisimama mbele ya meneja na watu wote umevaa kichekesho, kwa sababu mimi niliapa kiapo cha kijinga. Nimelia mpaka nikaogopa matone yatatoka.

Irudishe suti leo leo. Nitakata mkono mpya. Aibu hii siwezi kuiacha itembee.

Dada yako,
Fundi


26 Mei

Dada,

Shikamoo. Mwandiko wako mzuri mpaka nimemwonyesha mwenye sanduku la posta.

Nakwambia ilivyokuwa. Tulifungua lile sanduku, wifi yako akasema, "Mkono huu ni wa suti ya nani?" Nikakaa kitandani na koti mapajani. Kazi yangu yote, dada, ilikuwa kukagua mizigo na kuirudisha yenye kasoro. Nimerudisha mabomba, nimerudisha misumari, nimerudisha mpaka lori. Nikalivaa koti. Likanikaa. Hujanipima tangu nikiwa kijana mwembamba, na leo nina tumbo hili, na likanikaa tumboni. Nikamwuliza binti yangu, shangazi kajuaje? Akasema labda ni ubongo, huwa unajaza wenyewe pale macho yasipofika. Mimi haya mambo ya ubongo sasa naanza kuyaogopa kuliko mizimu.

Basi nikaenda hivyo hivyo. Mwanzo waliminya midomo. Nikauinua ule mkono wa kahawia makusudi, nikawaambia, "Huu ni mkono wa dada yangu, anayetaka kucheka acheke sasa." Hakucheka mtu. Yule mlinzi wa lango ameniuliza kama utamshonea na yeye, ila mkono wake anautaka wa kijani.

Suti sirudishi. Usiniombe tena. Nimestaafu, kukagua nimeacha.

Lakini kama unatafuta kazi, kwenye kifurushi hiki kuna foronya mbili. Zifumue upande mmoja, mmoja tu, uzirudishe upesi. Tangu Machi wifi yako analalia mkono wangu, na umeshaanza kufa ganzi.

Mdogo wako,
Kitinda